Kisanduku cha Itumbe Kilichokosa Usingizi

Diski haifi kwa kufanya kazi, wanangu. Hufa kwa kusumbuliwa. Mtu akikuamsha mara moja umsaidie kubeba gunia, utanung'unika lakini utabeba. Akikuamsha kila baada ya dakika sita kukuuliza kama bado umelala, huyo anakuua. Mimi niliyajua haya kwa kuchelewa, na kuchelewa kwangu nusura kumnyang'anye mama mmoja wa Itumbe sauti yake. Ngojeni niwaeleze. Na wewe wa hapo pembeni, weka simu chini, haitakimbia.

Nimekuwa fundi mjini Kisii miaka thelathini na kitu, ghorofani juu ya duka la misumari na mabati. Nilianza na redio, nikaja televisheni, nikaja kompyuta, na mwishoni nikawa mtu wa hivi visanduku ambavyo watoto walio ng'ambo huwatumia wazazi wao. Kwa asiyevijua: ni kisanduku kidogo chenye diski mbili ndani, kimeunganishwa na waifai ya nyumba. Kinatunza picha, video na nyimbo za familia, na kila mtu wa nyumbani anazifungua kwa simu au televisheni yake. Wenye kusoma wanakiita seva ya nyumbani. Wateja wangu walikiita "kile kitu cha Kwamboka" au "kile kitu cha Omwenga", kulingana na nani alikituma.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Kantilal, ambaye baba yake ndiye aliyefungua duka la redio pale mjini. Alikuwa mfupi, mkali, na kila siku saa nne lazima ale ndizi mbivu mbili, hata kama mteja amesimama mlangoni na televisheni kichwani. Siku nilipoingia kwake nikiwa msichana, wanaume wa dukani walicheka. Mzee Kanti akawaambia, "Cheka baadaye. Kwanza ona mkono yake." Akanipa redio iliyokufa na bisibisi, akaenda kula ndizi zake.

Alinifundisha mambo mengi, lakini mawili ndiyo nitakayozikwa nayo. La kwanza, ukitaka kusikia ugonjwa wa mashine, weka ncha ya bisibisi kwenye bati lake na mpini wake kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Mnacheka? Jaribuni. Mfupa unasikia kile sikio lisichosikia. La pili nililijua siku alipokuja mfanyabiashara mmoja wa Nyamarambe, mtu wa tumbo na kofia, na redio kubwa iliyokuwa ikikatika kila asubuhi. Alieleza kwa nusu saa nzima. Mzee Kanti hakumsikiliza hata. Akamgeukia mama aliyekuja amebeba ile redio, mpishi wa pale nyumbani, akamuuliza, "Mama, hii redio unaishi nayo vipi?" Yule mama akainama, akasema kwa aibu kwamba kuku hutaga nyuma yake kila asubuhi kwa sababu kuna joto. Tulipofungua tulikuta majani makavu, manyoya na yai moja lililoiva nusu. Tajiri alitamani ardhi immeze.

"Mwenye redio anajua bei yake," Mzee Kanti aliniambia baadaye. "Anayekaa na redio anajua ugonjwa yake. Uliza huyo."

Nilicheka, nikaona nimeelewa. Kumbe sikuwa nimeelewa kitu.

Sasa twende Itumbe. Mwalimu Onchari nilimjua tangu akifundisha. Mkewe, Mama Kwamboka, alikuwa karani wa kituo cha kupokelea majani chai, mmoja wa wale makarani ambao hawakuongezei nusu kilo hata ukiwaletea maziwa. Na kanisani ndiye aliyeongoza kwaya. Ile sauti, jamani! Mimi sisifu watu ovyo, mnanijua, lakini yule mama akianza kuimba hata wale wa nyuma waliokuja kutafuta wachumba walifumba macho. Mwalimu mwenyewe hakujaliwa. Akiimba, ng'ombe wanazuia maziwa. Hayo aliyasema mkewe, si mimi. Kwa hiyo kazi yake ilikuwa kurekodi. Miaka nenda miaka rudi, kila wimbo wa mkewe aliushika kwenye kanda.

Kwamboka, binti yao, alipowatumia kile kisanduku kutoka ng'ambo, Mwalimu aliniletea kanda zote kwenye ndoo, nikazihamisha. Zilikuwa nyimbo sitini na moja. Nikamwambia kwa madaha ya kifundi, "Mwalimu, sasa nyimbo ziko kwenye diski mbili, kila moja ni nakala ya mwenzake. Hii moja ikifa, ile ipo. Kanda huzihitaji tena." Naye Mwalimu, ambaye hatupi kitu, alivuta tepe za zile kanda kutoka kwenye makasha yake, akazitandaza juu ya shamba lake la wimbi kufukuza ndege. Zilimetameta juani na kuvuma kwa upepo. Aliponionyesha nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikamwambia, "Mama Kwamboka sasa anawaimbia ndege!"

Mwaka uliofuata Mama Kwamboka akaugua koo. Alipasuliwa, akapona, Mungu asifiwe. Lakini sauti haikurudi, hata ya kunong'ona.

Ikapita miezi mingi. Siku moja Mwalimu akanipigia. "Fundi, hiki kitu cha Kwamboka kinanguruma mchana kutwa. Hata redio siisikii. Na Kwamboka anasema huko kwake anaona kwenye simu hakipumziki."

Nikaenda. Mnajua sebule za kwetu: kila kitu kimevalishwa kitambaa cha kufuma. Viti vina vitambaa, redio ina chake, televisheni ina chake, hata mtungi wa maji. Mama Kwamboka alivifuma vyote kwa mkono. Kisanduku nacho kilikuwa na chake, cheupe chenye maua ya manjano, kimekifunika mpaka kwenye meza. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake kando ya kisanduku, anafuma kingine.

Nikamsalimia, "Bwakire, Mama." Akatabasamu, akainamisha kichwa. Kisha nikamgeukia Mwalimu.

Hapo ndipo nilipokosea, wanangu. Nilimsalimia nikampita.

Nilikaa kwenye kochi, nikafungua laptopu, nikaingia kwenye kile kisanduku bila hata kunyanyuka kukiangalia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na alama nyekundu. Sikuisoma. Visanduku vya wateja daima vina alama nyekundu ya kitu fulani, programu imezeeka au sijui nini. Nikaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa umeme, nikakiamuru: usipopata kazi dakika tano, lala. Baada ya muda kikanyamaza. Mwalimu akapiga makofi. Nikanywa chai, nikala njugu, nikachukua mkoba wangu kama mshindi wa mbio. Nilipokuwa mlangoni Mama Kwamboka aliinua mkono. Nikadhani ananiaga. Nikampungia, nikaenda zangu.

Sasa sikilizeni, maana hili mtalikuta kazini kesho. Diski ikilala huacha kuzunguka, na kichwa chake kinachosoma hukaa kando. Ikiamka lazima ianze kuzunguka upya, kichwa kirudi, injini ivute nguvu. Kwa siku mara moja au mbili hakuna neno. Lakini kama kuna kitu kinachoiita kila saa, na wewe umeiamuru ilale haraka, basi utakuwa umeiua. Heri ingebaki macho ikizunguka pole pole siku nzima. Nilimlaza mtoto kabla ya kufukuza mbu.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. "Fundi," Mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa chini. "Sasa kinagonga. Ko, ko, ko."

Diski ikigonga hivyo, kichwa chake kinatafuta njia na hakiioni. Nikamwambia, "Kizime! Chomoa kwenye stima sasa hivi, usikiguse mpaka nifike." Nilifika Itumbe kabla chai ya saa nne haijachemka, viatu vyangu vina tope mpaka kwenye kamba.

Kwa mara ya kwanza nikakivua kile kitambaa. Kisanduku kilikuwa bado na joto. Nikakiwasha kidogo tu, nikaona taa mbili. Moja ilikuwa nyekundu.

"Mwalimu, hii taa imekuwa nyekundu tangu lini?"

"Taa gani?"

"Hakijawahi kulia? Piii, piii, hivi?"

"Aa! Kililia sana wakati tunavuna wimbi. Mpwa wangu akanizimia ile kelele."

Basi nikaelewa yote. Kikulacho ki nguoni mwako. Diski moja ilikufa miezi mingi nyuma, ikalia, ikanyamazishwa, na taa yake ikafunikwa maua ya manjano. Iliyobaki ilikuwa peke yake, haina nakala, na mimi nikaja kuitesa wiki mbili mfululizo. Ile alama nyekundu niliyoipita ilikuwa inaniambia hivyo hivyo.

Mwalimu akauliza polepole, "Nyimbo zimo?"

"Zimo. Lakini sijui kama zitatoka."

Akatazama nje kwenye shamba la wimbi. Mvua zilishaziozesha zile kanda, zilibaki nyuzi mbili tatu kwenye miti. "Nilizipa ndege, Fundi," akasema. "Sauti yake yote niliipa ndege." Sikumwona Mwalimu akilia hata siku moja kabla ya hapo, na sikutaka kumwona.

Nitawaambia ukweli wenye aibu. Ulimi wangu ulikuwa umeshaanza kusema "ni stima". Stima ya kwetu inapotea na kurudi kila mara, nani angebisha? Mafundi wangapi wamejificha nyuma ya stima! Lakini kabla sijasema, Mama Kwamboka alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na daftari la shule. Akaliweka kwenye magoti yangu.

Lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, kama vile vitabu vyake vya kituo cha majani chai. Saa, kimefanya nini, nani yuko. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa siku ile niliyokuja. Ulisema hivi, kwa Kiswahili chake cha shule chenye nukta na mkato:

"Fundi amekuja. Hakuniuliza. Saa tano na robo, kimelala. Saa tano na dakika kumi na sita, kimeamka. Saa tano na dakika ishirini na moja, kimelala. Saa tano na dakika ishirini na mbili, kimeamka. Nilimwinulia mkono, akanipungia. Kinachoka. Fundi aambiwe."

Kurasa zote zilizofuata zilikuwa hivyo. Wiki mbili nzima, mchana kutwa, kulala na kuamka.

"Mwalimu, hakukuonyesha?"

"Alinionyesha," Mwalimu akasema. "Nikamwambia Fundi anajua kazi yake."

Nililia, ndiyo. Fundi mzima, mwenye mjukuu, nililia mpaka wino wa ukurasa ule ukatawanyika. Nilipiga magoti kando ya kiti chake nikamwambia, "Mama, nisamehe. Si stima, si diski. Ni mimi." Akachukua kalamu, akaandika chini ya ukurasa ule ule, akanigeuzia: "Najua. Kunywa chai kwanza."

Nikanywa.

Basi kazi. Diski mgonjwa usiiache ndani ya kisanduku kinachoamka ovyo. Niliitoa, nikaiunganisha moja kwa moja na laptopu yangu kwa waya, kwa kusoma tu, bila kuandika hata herufi moja juu yake. Nikaiweka juu ya lile bamba la jiwe la sabuni ambalo wao huwekea sufuria za moto, kwa sababu hilo jiwe la vinyago linalochimbwa Tabaka ni baridi na halitikisiki. Nikaanza na nyimbo. Picha na video zingengoja, picha nyingi Kwamboka alikuwa nazo huko kwake. Nyimbo zilikuwa hapo tu.

Nikampa Mama Kwamboka bisibisi yangu. Nikamwonyesha: ncha kwenye bati la diski, mbali na upande wenye vidude vya umeme, mpini kwenye mfupa mbele ya sikio. Alifumba macho. Masikio yangu yamezeeka, lakini yake yalisikiliza kwaya miaka mingi, anajua nani kapotoka sauti akiwa mstari wa nyuma. Sauti ya diski ikianza kubadilika, aliinua kidole, nami nasimamisha. Tunaiacha ipumzike, ipoe. Akishusha kidole, naendelea. Hivyo, wimbo kwa wimbo. Kila uliotoka aliuandika kwenye daftari na kuweka alama ya vema.

Katika zile saa za kuipumzisha nililisoma daftari lote, na sijawahi kusoma kitabu chenye faida kuliko kile. Kila kilichokuwa kikikisumbua kile kisanduku kilikuwa mle.

"Ng'ombe wa jirani wamepita langoni, kimeamka." Hiyo ni kamera ya lango. Mpwa aliifunga ikawa inarekodi kila kinachopita, na yote inayaandika kwenye diski. Kuku, ng'ombe, jani la mgomba likitikiswa na upepo, vyote vinaandikwa! Baadaye niliipa kamera kadi yake ndogo ya kumbukumbu, ikawaandika ng'ombe wake humo.

"Jumamosi, kwaya wamekuja mazoezi, hakikulala kabisa." Hizo ni simu. Mwalimu huwapa waifai wote wanaokanyaga ua wake, na kila simu ikiingia ilikuwa inakiona kisanduku na kukichungulia, nyingine zinamwaga picha humo bila wenyewe kujua. Nilipomwambia abadilishe neno la siri alikasirika. "Mgeni humnyimi chai, utamnyimaje waifai?" Sikubishana naye. Nilifungua waifai ya pili ya wageni, inayofika kwenye mtandao lakini haifiki kwenye kisanduku. Wageni wakanywa chai yao, kisanduku kikapumzika. Msiwafundishe watu uchoyo, watengenezeeni mlango wa kando.

"Kwamboka ametuma picha, kimefanya kazi mpaka nikamaliza kitambaa." Hiyo ni programu inayotengeneza vipicha vidogo vya kila picha na kutafuta nyuso za watu. Niliipangia saa moja kwa siku, wakati kisanduku kiko macho kwa kazi nyingine.

Sasa ile ya kulala na kuamka, iliyokuwa ikinitia aibu. Haikuwa na ng'ombe wala kwaya wala picha. Mama Kwamboka aliona nimekwama. Akachukua sindano yake ya kufuma, akaanza kugonga kwenye mkono wa kiti, taratibu, bila kupoteza pigo hata moja, na kila baada ya mapigo kadhaa anaonyesha kwa kidole: hapa kinaamka. Nikashika saa. Dakika sita kamili. Akarudia. Dakika sita kamili. Kuna kitu mle ndani kilikuwa na saa yake. Nikazunguka sebule nzima nikiangalia, mpaka macho yakatua kwenye televisheni. Ilikuwa imezimwa, lakini taa yake ndogo inawaka chini ya kitambaa. Ndiyo! Televisheni ilikuwa inakiuliza kisanduku kila dakika sita: una filamu mpya? Una filamu mpya? Nami nilikuwa nimekiamuru kilale baada ya dakika tano. Kila kilipoanza kusinzia, dakika moja tu, kikaamshwa. Nilitamani niipige ile televisheni kofi. Niliizuia isikiulize kisanduku kitu mpaka mtu mwenyewe aiwashe.

Na moja ya mwisho, ambayo vijana wengi huikosa. "Jumapili, sisi wawili tumekwenda ibada, mpwa amebaki, anasema kimeamka mara tatu." Hakuna mgeni, hakuna simu za kwaya, na televisheni siku hiyo ilikuwa imechomolewa. Huyo ni kisanduku chenyewe. Kina shajara yake, na kinaandika hata kwamba hakuna aliyekuja. Nayo niliihamishia kwenye kumbukumbu isiyozunguka. Mkimaliza kufukuza wageni wote, angalieni na mwenye nyumba.

Hayo yote nilikuja kuyafanya diski mpya zilipofika. Sasa kile kisanduku kinaamka wanapotaka kutazama kitu, kisha kinakaa macho muda mrefu kabla ya kulala, na hakigongi wala hakingurumi. Kina kitambaa kipya. Mama Kwamboka alikifuma na kidirisha mbele ili taa zionekane, na nyuma akakiacha wazi kwa hewa. Nilimwambia angefungua duka. Aliandika: "Nina kazi."

Lakini siku ile hatukuwa na diski mpya wala hakika yoyote. Tulikuwa na diski moja juu ya jiwe, bisibisi, na kidole cha Mama. Mwalimu hakuweza kukaa ndani. Alikuwa anaingia, anatazama daftari, anahesabu alama za vema, anatoka. Ishirini. Arobaini. Mchana ukapita, mboga za chinsaga zikapoa kwenye sahani. Hamsini na tano. Kila alipoinua kidole nilishika pumzi mpaka akishushe.

Sitini. Ukabaki mmoja.

Huo haukuwa wa kanisani. Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, ambao Mama alimwimbia Kwamboka akiwa amembeba mgongoni pale kituoni, anapima majani. Mwalimu aliurekodi nyuma ya mzani. Nikaanza kuuchukua. Mama akainua kidole mara moja, nikasimama. Tulingoja sana. Akashusha. Nikaendelea. Halafu akainua mkono mzima, na mimi sikuhitaji bisibisi tena, nilisikia mwenyewe. Ko, ko, ko. Kisha kimya. Diski ilikufa pale pale juu ya jiwe la sufuria.

Nikaangalia kwenye laptopu. Wimbo wa sitini na moja ulikuwa umetoka nusu.

"Ucheze," Mwalimu akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Nikaucheza. Tukasikia mzani ukilia chuma kwa chuma, mtu akitaja kilo zake, kisha ile sauti. Wanangu! Ilikuwa changa, imeshiba, haina haraka. Mama Kwamboka aliketi na mikono kwenye mapaja, akijisikiliza. Sikuweza kumtazama usoni. Sauti ikapanda, ikafika katikati ya mstari, na ikakatika.

Nilikuwa nikitubu kwa Mungu na kwa Mzee Kanti kaburini, ndipo nikasikia mtu anaimba. Alikuwa Mwalimu. Aliudaka ule mstari pale ulipoanguka, kwa ile sauti yake ya mlango usiotiwa mafuta, chini mno, akapotoka, akarudi, akapotoka tena. Alijua maneno yote. Aliyasikiliza miaka yote ile nyuma ya kinasa sauti, na hakuwahi kuthubutu kuyaimba.

Nikamtazama Mama. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Anacheka bila sauti, machozi yanamtiririka, na mikono yake miwili ilikuwa imeshapanda juu, inamwongozea Mwalimu. Huku polepole. Hapa panda. Hapa vuta, vuta, subiri. Na Mwalimu alimtii kuliko nilivyowahi kuona mwanakwaya akimtii mtu. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye simu, nikarekodi mpaka mwisho.

Wimbo ule uko hivyo mpaka leo, nusu wa Mama na nusu wa Mwalimu. Upo kwenye diski mbili Itumbe, upo kwa Kwamboka ng'ambo, na upo hapa nyumbani kwangu Mosocho. Kwamboka anambembelezea nao mtoto wake, na anasema mtoto hulala kwenye nusu ya babu yake, sijui kwa nini.

Nilipokuwa nafunga mkoba jioni ile, nilisimama mlangoni nikageuka. Sikupunga. Nilirudi mpaka kwenye kiti chake nikamuuliza, "Mama, kuna jambo?" Akatikisa kichwa, hapana, akanigeuzia daftari nisome mistari miwili ya mwisho, iliyopigwa rula kama yote:

"Saa kumi na dakika tano, diski imenyamaza. Saa kumi na dakika tisa, Mwalimu ameimba."